Risasi za Kujaza kwa Mkono kwa Mtutu Mfupi: Ipi Inafaa kwa Kulungu

Risasi ya kujaza kwa mkono ni ile ambayo mtu, si kiwanda, ameunganisha ganda, fataki ya kuwasha, baruti na kichwa, yaani kipande kinachoruka. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi lake si kasi yako. Mara nyingi hupimwa kwa mtutu wa inchi 24, na wewe una wa inchi 16, kwa sababu unawinda vichakani au unakaa juu ya mti ambako bunduki ndefu hugonga kila tawi. Kwenye kaliba ya .308 Winchester, kila inchi iliyopungua hula mita 6 hadi 8 kwa sekunde. Toa inchi nane: kichwa cha greni 150 (greni ni kipimo cha uzito, kama gramu 0.065) ambacho kingetoka kwa mita 860 kwa sekunde kinatoka kwa 800 hivi.

Kulungu aliye mita 80 hapati nafuu yoyote kwa upungufu huo. Shida iko kwenye kichwa cha risasi. Kimeundwa kifunguke kama uyoga kikiingia mwilini, na kila aina ina kasi yake ya chini. Chini ya hapo hakifunguki. Kinatoboa tundu dogo na kupita, na mnyama anakimbia mbali akiwa na jeraha. Kwa hiyo mimi huchagua kichwa kwanza, mengine baadaye, na huu ndio mpangilio wangu, kuanzia kinachofaa zaidi.

Ya kwanza: ncha laini ya kawaida. Ni kichwa cha madini ya risasi ndani ya koti la shaba, ncha ikiwa wazi au na kofia ya plastiki. (Kiswahili kimetubana hapa: risasi ni hiyo metali nzito, na risasi ni hiyo inayotoka mtutuni. Nikitaja metali nitasema "madini".) Wengi hukidharau kwa kuwa ni cha bei nafuu na husambaratika kikigonga kwa kasi kubwa, bega zima likageuka damu iliyoganda. Lakini mtutu mfupi umeshakupunguzia kasi hiyo, kwa hiyo kasoro yake kubwa inapona yenyewe. Kwa kawaida hufunguka hadi kasi iliyoshuka kufikia mita 550 kwa sekunde, na .308 ya inchi 16 bado inavuka kiwango hicho zaidi ya mita 300 mbele. Kulungu hana ngozi ngumu wala mifupa ya nyati. Chukua greni 150 kwenye .308, au 140 kwenye kaliba ya 7mm-08 Remington, na hapo umemaliza.

Ya pili: shaba tupu. Kampuni ya Barnes ilileta kichwa chake kiitwacho X mwaka 1989, na tangu hapo aina hii imeenea. Hakisambaratiki, kinapenya sana, na nyama haibaki na vipande vya madini. California hakuna hiari: tangu Julai 1, 2019 kuwinda kwa risasi za madini kumepigwa marufuku. Ila shaba ni ngumu, nyingi zinahitaji kama mita 610 kwa sekunde ili zifunguke vizuri. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kununua greni 165 ya shaba kwa mtutu mfupi, akifuata uzito aliozoea kwenye madini. Shuka hadi 130. Kikiwa chepesi kinatoka kwa kasi zaidi, na kwa kuwa hakipotezi vipande njiani, huo uzito hutaukosa. Hata hivyo mimi najiwekea mwisho wa mita 200.

Ya tatu: vyenye ukuta katikati au kiini kilichogandishwa kwenye koti. Baba wa aina hii ni Partition ya John Nosler, aliyeibuni baada ya vichwa vyake kumshinda kwenye windo la moose (jamii ya kulungu, mkubwa sana) mwaka 1946. Sehemu ya mbele hufunguka, ya nyuma hubaki nzima na kuendelea kupenya. Ni kitu kizuri sana, lakini kwa kulungu wa kawaida unalipia nguvu usiyoihitaji. Kama bunduki hiyohiyo itawinda na wanyama wakubwa zaidi, ipandishe hadi ya pili.

Ya nne, kwa shingo upande: kaliba ya .300 Blackout. Hii ilizaliwa kwa ajili ya mitutu mifupi. Baruti yake karibu yote huwa imeungua ndani ya inchi tisa. Kichwa cha shaba cha greni 110 kilichoundwa kufunguka kwa kasi ndogo kinaangusha kulungu vizuri hadi mita 100 na kidogo. Zile nzito za kimyakimya, zinazokwenda chini ya kasi ya sauti, greni 220 kwa mita 308 kwa sekunde, niondolee. Zina jouli 676 tu, wakati .308 yetu iliyofupishwa bado ina zaidi ya 3,000.

Vichwa vya mashindano ya shabaha sivipangi kabisa. Kulenga kwake ni kwa karatasi.

Sasa baruti. Utaambiwa mtutu mfupi unataka baruti inayoungua haraka. Kwa kasi, mara nyingi si kweli: ile inayoshinda kwenye inchi 24 ndiyo hushinda pia kwenye 16. Unachopata kwa baruti ya haraka kidogo ni mwako mdogo mdomoni mwa mtutu, na hilo ni jambo kubwa jioni. Piga mara moja giza likiingia na baruti isiyofaa: linatoka tufe la moto, macho yanabaki na doa la zambarau, na humwoni mnyama ameelekea wapi. Masikio nayo yafunike, maana sauti inapita desibeli 160.

Kuhusu nani kajaza, sina huruma. Jaza mwenyewe kwa kufuata kitabu cha vipimo, au nunua kwa mwenye leseni; Marekani, anayejaza ili auze lazima awe na leseni ya serikali kuu ya utengenezaji. Fungua boksi pale pale. Lebo itaje kichwa, uzito, aina na kipimo cha baruti, na tarehe. Toa moja, pitisha kidole kitakoni: fataki iwe imezama kidogo chini ya usawa wa ganda. Ibiringishe mezani, ncha ikiyumba, irudishe. Isiyo na lebo usiichukue hata bure, hata kwa shemeji.

Sheria nayo huweza kukukamata kwa sababu ya mtutu. Uingereza na Wales, sheria ya kulungu ya 1991 inadai, kwa kulungu wengi, kaliba isiyo chini ya .240 na nishati ya jouli 2,305 hivi inapotoka mdomoni. Greni 100 ya .243 Winchester inahitaji mita 843 kwa sekunde kufika hapo. Kwa inchi 24 inafika kwa urahisi. Kwa 16 inaweza kukosa, na boksi bado litakuambia uko salama. Marekani, bunduki ya mtutu chini ya inchi 16 lazima iandikishwe serikalini chini ya sheria ya silaha ya 1934.

Kwa hiyo kabla ya kununua mia mbili, nunua ishirini ishirini za aina mbili, azima kronografu (kifaa cha kupima kasi ya risasi), na upige tano za kila aina, ukiuacha mtutu upoe kila baada ya risasi. Namba utakayoisoma hapo iandike kwa kalamu juu ya ile ya boksi.