Kipimo cha mishipa ya fahamu ya macho, Moshi mjini

Kama daktari amekuandikia kipimo hiki, nenda kapime hata kama jicho limeshapona. Jicho la kushoto la mdogo wangu lilififia ghafla, likawa linauma akiligeuza, na nyekundu akaiona imechujuka. Baada ya wiki kadhaa likarudi, ndugu wakasema yameisha. Daktari hakuridhika. Alishuku maltipo sklerosisi (MS), ambapo kinga ya mwili inashambulia mayelini, utando unaozifunika nyuzi za fahamu.

Chumba kina giza. Unafunikwa jicho moja, unakodolea nukta katikati ya skrini yenye miraba myeusi na myeupe inayobadilishana, huku waya zimebandikwa kisogoni. Hakuna sindano. Kijana wa mashine ni mpole kweli: "Dada, kaza macho hapo hapo, ukichoka sema tupumzike." Alipochoka, walipumzika. Kisha akatuonyesha mawimbi. Kuna moja, P100, ambalo kwa kawaida hufika kwenye milisekunde 100 hivi. La kulia lilifika kwa 103, la kushoto kwa 131. Jicho linasoma herufi zote ukutani, lakini habari zake bado zinachelewa njiani kwenda kwenye ubongo! Hapo ndipo nilipokiheshimu kipimo hiki.

Kuchelewa huko peke yake hakumtangazii mtu MS. Bado tuna MRI (picha ya ubongo kwa mashine ya sumaku), na maji ya uti wa mgongo, ambako hutafutwa mistari ya protini za kinga. Tangu vigezo vya McDonald vya 2017, ambavyo madaktari hutumia kuitambua MS, mistari hiyo inaweza kumwezesha daktari kuithibitisha bila kungoja shambulio la pili. Ombeni pia damu ipimwe kingamwili za AQP4, kwa sababu kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu, na baadhi ya dawa za MS huuzidisha. Watafiti Marekani walipima damu ya wanajeshi iliyokuwa imehifadhiwa, wakakuta protini ya nyurofilamenti, inayovuja neva zikiumia, imepanda miaka kadhaa kabla ya dalili ya kwanza. Natamani sana siku moja kipimo hicho kiwe cha kawaida huku kwetu.

Mapokezi ndipo wanapoangusha. Hawakutuambia habari ya nywele, tukafumua rasta kwenye korido watu wakipita. Na ripoti wanakukabidhi kwenye bahasha bila neno. Mwombe yule kijana akueleze kabla hujatoka. Nenda na nywele zilizooshwa, bila mafuta, na miwani yako kama unavaa.