Rota iliyoimba mezani, kiwanjani ikakosa nguvu

Nilisubiri hasira ipungue ndipo niandike. Haijapungua, basi naandika hivyo hivyo.

Wiki kadhaa zilizopita niliingia duka moja hapa Arusha mjini kutafuta rota, ile sumaku inayozunguka ndani ya mota, ya gari langu la rimoti. Jumapili tunashindana kwenye kiwanja cha vumbi huku Njiro, na mota zetu zote ni 17.5 za bila brashi, yaani waya umezungushwa mara 17.5, kwa hiyo hakuna wa kumzidi mwenzake kwa waya. Unamzidi kwa rota na kwa kupanga gia. Yangu ilikuwa ya milimita 12.3, nikataka 12.5, maana kona zetu zinabana, na rota nene inakupa msukumo wa kutoka konani hata kama kule juu inapoteza mizunguko kidogo. Nilijua ninachotaka. Hilo ndilo linaloniuma.

Bosi akaitoa kwenye kimfuko kisicho na chapa. "Mpya hiyo, kaka." Akaifunga kwenye mota pale pale mezani, akaunga betri, akavuta triga. Ikalia kwa sauti nyembamba, kali, kama mbu sikioni. "Sikia inavyoimba! Ya kwako inaimba hivi?" Kweli, ya kwangu haikuwahi kuimba hivyo. Nikalipa 55,000, nikatoka na furaha yangu.

Jumapili, raundi ya pili tu, gari likaanza kutoka konani kama limebeba mchanga. Vijana wakanipita mmoja baada ya mwingine. Nikagusa kopo la mota, kidole nikakirudisha mbio. Nikafungua. Kwenye shafti, pale beringi inapokaa, kulikuwa na pete inayong'aa ya msuguano, na ukisogeza pua unapata harufu ya petroli. Ilisafishwa! Rota ya mtu mwingine, imeshaungua, nimeuziwa mimi kama mpya.

Sumaku hizi za neodimiamu, zile za kawaida, zikipita nyuzi joto 80 huanza kupoteza nguvu, na hata zikipoa ile nguvu hairudi. Rota iliyodhoofika ukiizungusha bila mzigo inakwenda kasi kuliko nzima, huku inakula umeme na kuchemsha mota. Kwa hiyo ule wimbo alionisifia ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe. Nami nilisimama pale nausikiliza, natabasamu.

Nilipoirudisha, akachukua bisibisi, akainasisha kwenye rota, akaniinulia usoni. "Sumaku si hii? Inanasa. Unataka nini tena?" Nikajaribu kumweleza kwamba bisibisi si kipimo, nzima na mbovu zote zitainasa. Nyumbani nilikuwa nimepanga karatasi kati ya rota na sindano, na ile yangu kuukuu ikavuta sindano kupitia karatasi nyingi kuliko hiyo anayoiita mpya. Hakusikiliza hata kidogo. Akawageukia wateja wengine: "Mtu mzima na akili zake analilia kigari cha mtoto." Watu wakacheka.

Nilitaka kuandika nyota sifuri niishie hapo. Ila haki ya mtu nayo ni haki. Chalii wa kaunta alinifuata mpaka nje, akaniambia kwa sauti ya chini, "Braza, samahani, ile ilitoka kwenye mota iliyorudishwa." Hakulazimika kusema. Na beringi nilizonunua pale mwaka jana mpaka leo ziko vizuri, betri zao pia bei si mbaya. Basi nyota mbili, na ukienda mtafute yeye, mwambie akutolee shafti uikague kwenye mwanga kabla ya kutoa hela.

Hapana. Nikiandika nyota mbili nasikia vile vicheko. Moja, na hiyo ni ya chalii, bosi hana chake hapo. Bosi, sitaki rota nyingine kutoka kwako. Nataka 55,000 yangu, na uniombe radhi mbele ya wateja, maana ulinidhalilisha mbele ya wateja.