Redio ya mtumba yenye kitufe cha balansi: uzoefu wangu hapa Mtwara

Sabufa nyingi nilizozikuta madukani hapa mjini zina kitufe cha sauti, cha besi na cha trebo, basi. Ukitaka spika ya kushoto ishuke na ya kulia ibaki ilivyo, huna pa kushika. Ndiyo maana nikachukua hii ya mtumba ya Kijapani: amplifaya na spika zake mbili za mbao, na kitufe cha balansi cha kuzungusha kwa mkono. Angalizo moja kabla hujashangilia bei: Japani wanatumia volti 100, sisi 230. Ukiichomeka hivihivi umeiunguza. Hela ya transfoma ya kushusha umeme uihesabu mapema.

Sebule yangu iko Shangani. Kulia kuna mlango wa barazani, na kwa joto la huku haufungwi mpaka watu wakalale. Kushoto ni kona na kabati. Spika ya kona inapewa besi ya bure na kuta. Ya mlangoni nusu ya sauti yake anaisikiliza jirani. Ukikaa kwenye kochi, mwimbaji yuko kabatini.

Kitufe sikukigusa kwanza. Nilichukua futi ya seremala nikapima kutoka kochini hadi kila spika, nikazisogeza mpaka umbali ukalingana. Balansi kazi yake ni kupunguza nguvu ya upande mmoja tu. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, na sikio huelekea kule ilikotangulia kutokea, kwa hiyo spika iliyo karibu zaidi itaendelea kukuvuta hata ukiipunguza. Ile ya kona nikaitoa ukutani kiasi cha urefu wa mkono. Hapo tu mwimbaji alishatoka kabatini.

Kilichobaki nilikimaliza kwa taarifa ya habari ya TBC Taifa. Sauti ya msomaji inatoka sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo inatakiwa isikike katikati, pale pasipo na spika. Nilifumba macho, mwanangu akawa anazungusha.

"Baba, hapo?"

"Rudisha kidogo."

Kikatulia kinaelekea kama saa saba, badala ya saa sita kilipokuwa. Zilipendwa za zamani nazo zinafaa, maana nyingi zilirekodiwa mono, yaani sauti ileile pande zote mbili. Taarabu za siku hizi usizitumie kupimia: kinanda kimewekwa huku, gitaa kule, utabaki unazungusha mpaka usiku.

Kama upande mmoja uko chini sana, badilisha kwanza nyaya, ya kulia iende kushoto. Udhaifu ukihamia spika nyingine, tatizo liko kwenye amplifaya au kule muziki unakotoka. Ukibaki palepale, spika ndiyo mgonjwa. Angalia pia nyaya nyekundu na nyeusi za kila spika. Ukigeuza kwenye spika moja tu, besi inakauka na sauti haijulikani inatokea wapi, na hapo balansi haina msaada. Wanaocheza muziki kwa simu nao wafungue mipangilio ya ufikivu (Accessibility): mle kuna kialama cha kushoto na kulia, na watoto hukisogeza bila mtu kujua.

Lawama yangu ni moja. Bahari iko karibu, na baada ya muda kitufe kikaanza kukwaruza, kila ukikigusa spika ya kulia inakatika. Nikaipeleka kwa fundi Magomeni. "Hakijafa hiki, kaka, kina kutu na vumbi tu." Akapuliza dawa ya kusafishia kontakti, akakizungusha mwanzo mwisho mpaka kikanyamaza. Tangu hapo naifunika kwa kitambaa ikizimwa. Na rimoti yake haifiki kwenye balansi, lazima uinuke.

Mwenye sebule iliyolingana pande zote, spika zikakaa sawa na kochi, achukue tu sabufa ya dukani, hela ya transfoma anunulie nyaya nzuri. Sisi wenye mlango upande mmoja na kona upande wa pili, hii nawashauri.