Ofisi ya sheha wetu: barua zinatoka vizuri, tatizo liko mkutanoni

Naandika kuhusu huduma ya ofisi ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji hapa Zanzibar, katika shehia yetu (eneo analoliongoza), Kaskazini Pemba, upande wa pwani. Jina la shehia silitaji, kwa sababu nazungumzia kazi na sitaki maneno haya yageuzwe kuwa ugomvi wa mtu na mtu. Mimi ni mkulima wa mwani na ni katibu wa kikundi cha kinamama cha kuweka na kukopa, kwa hiyo mlango wa ofisi ile naujua.

Nianze na barua, maana ndizo zinazowapeleka wengi pale. Mtoto akizaliwa unatafuta cheti. Kijana akitimiza miaka 18 anataka Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Mwengine anaomba mkopo, mwengine anakwenda kumdhamini nduguye polisi. Kote huko utaambiwa kalete barua ya sheha. Kwetu barua inatoka bila ya mizunguko. Sheha hufungua daftari lake, akauliza unakaa wapi na wewe ni mtoto wa nani, akaandika kwa mkono wake, akagonga muhuri. Hajapata kuniomba hata shilingi. Na asiyejua kusoma husomewa barua yake tangu mwanzo hadi mwisho kabla haijagongwa muhuri.

Hili la kusomewa nalisifu kwa moyo wangu wote. Mama mkwe wangu alipokuwa akifuatilia Pensheni Jamii, mwaka wa kuzaliwa kwenye karatasi moja ulikuwa haulingani na wa karatasi nyengine, na ilijulikana pale pale ofisini, kabla hajalipa nauli ya kwenda wilayani. Pensheni hiyo ilianza Aprili 2016 kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwa mzee asiye na mtu wala shamba, kukosewa mwaka kwenye karatasi ni kukosa unga wa mwezi mzima.

Kasoro ya upande huu ni kwamba muhuri ni mmoja na mwenye muhuri ni mmoja. Akiitwa wilayani, au akifiwa, basi tena, rudi kesho. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja, kabati halifungi, na masika paa linavuja mpaka mafaili yanasogezwa ukutani. Karatasi mara nyengine ananunua kwa pesa zake. Kwa haya simlaumu yeye hata kidogo.

Ninapoumia ni kwenye mikutano.

Sheha hapigiwi kura. Anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, na ana baraza la ushauri la shehia la kumsaidia. Tunayempigia kura ni diwani, lakini wadi ni kubwa na kumpata ni kazi. Kwa hiyo mkutano wa shehia ndipo mahali ambapo mtu kama mimi anaweza kusimama akasikika. Sasa huitishwa lini? Saa nne asubuhi, na mara nyingi katika siku za bamvua. Mtu wa pwani keshanifahamu. Bamvua ndilo linalotoa maji mbali, na kwetu hukauka asubuhi hiyo hiyo. Ndizo siku za kufunga mbegu, kukaza vigingi na kuvuna. Zikikupita, ungoje karibu wiki mbili. Hakuna mama atakayeziacha kamba zake akakae kwenye jamvi kusikiliza matangazo, na mimi simshauri afanye hivyo.

Matokeo yake tuliyaona kwenye bonde la mpunga. Maji ya chumvi yamekuwa yakiingia bondeni na kuua miche, na mkutano uliitishwa kuzungumzia tuta. Nilipotoka pwani, gunia kichwani na kanga imeroa, nikakuta watu wanakunja majamvi. Imeshapitishwa: msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea, kila nyumba itoe mtu, tuta lijengwe upande wa njia. Wanaolima bonde lile wengi ni wanawake, na wanawake hao tulikuwa nao baharini. Bibi mmoja aliyelima pale tangu ujana wake alipopata habari alisema palepale, "Maji hayaji kwa njiani. Yanaingilia kule mikoko ilikokatwa." Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Watu walibeba mawe na udongo wakajitolea kweli kweli, vijana wakatoka jasho, na bamvua lililofuata chumvi ikaingia kwa mlango wake ule ule. Nguvu ya watu ilipotea, na msaragambo unaofuata ni tabu kuwatoa watu majumbani.

Msimu wa karafuu ni hali hiyo hiyo: watu wako mashambani, mkutano unabaki na wazee wachache na watoto wa skuli wanaopita.

Liko jambo zito zaidi. Kesi za udhalilishaji wa watoto zikitajwa mkutanoni, wapo wazee wanaotaka yaishie kwa sulhu baina ya familia mbili. Sheha wetu hukataa, huwaambia waende polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, na kwa hili anastahili kuungwa mkono na kila mzazi. Lakini anakataa peke yake, kwa sababu kinamama ambao wangesimama naye hawapo pale.

Kwa barua natoa nyota nne kati ya tano. Kwa mikutano, mbili.

Dawa haihitaji fedha. Mkutano uwekwe alasiri, siku za maji mafu, ambapo bahari haitoki mbali, na uamuzi ubandikwe ofisini, dikoni zinapofikia ngarawa na kwenye ukuta wa skuli, ili aliyekosa ajue kilichopitishwa kabla hajaitwa kubeba mawe.

Ukiwa na haja ya barua, nenda mapema asubuhi, chukua vivuli vya karatasi zako zote, na hakikisha majina na miaka inalingana. Ukisikia tangazo la mkutano msikitini, uliza ajenda siku hiyo hiyo. Na nyinyi kinamama wa mwani wa shehia nyengine, kama siku imegongana na bamvua, andikeni hoja yenu mumpe mjumbe wa baraza mkononi, tena mumwambie aisome kwa sauti. Sisi tumeanza hivyo. Hoja ya kupanda mikoko pale ilipokatwa imeingia kwenye mkutano ujao, na safari hii tumewekewa alasiri.