Family Link: nzuri usiku, mchana haitoshi

Family Link, programu ya Google ya mzazi kudhibiti simu ya mtoto, iliyotoka 2017 na isiyo na malipo, ina kazi moja inayoifanya vizuri kweli: kulinda usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10, na akizikosa mfululizo, hasira, wasiwasi na huzuni humpanda upesi. Basi anza na ratiba ya usiku. Simu ijifunge saa nzima kabla ya kulala, siku zote 7. Wazazi wengi huachia wikendi, halafu Jumatatu wanashangaa mtoto haamki. Ikijifunga bado inapokea simu za sauti, kwa hiyo hoja ya dharura haina nguvu.

Kikomo cha matumizi kwa siku kina tundu. Kinahesabiwa kwa kila kifaa peke yake: saa 2 za simu na 2 za tableti ni saa 4. Mabadiliko hayafiki kifaa cha mtoto kikiwa nje ya intaneti, na televisheni inayotumia akaunti ya mzazi haiguswi kabisa.

Family Link haisomi ujumbe, kwa hiyo uonevu kwenye kundi la wanafunzi hutauona. (Afadhali hivyo, kijana anayepelelezwa hujifunza kuficha.) Mweleze ulichofunga na sababu yake. Akijitenga, asipokula au akipoteza hamu ya aliyoyapenda kwa wiki 2, hapo anahitaji mtaalamu wa afya.

Kwa mtoto wa miaka 10, alama 4 kati ya 5. Kwa wa 16, 2.