Miwani ya macho: pa kupimia, cha kununua na cha kuacha dukani

Mtaalamu aliiweka miwani yangu kwenye kimashine kinachofanana na darubini ya maabara ya sekondari, akachungulia, akachukua kalamu ya wino mwekundu na kuweka nukta moja kwenye kila lenzi, pale kitovu chake cha kuonea kilipo. Kisha akanirudishia.

"Vaa, dada. Jitazame kwenye kioo."

Nukta zote mbili zilikuwa zimesogea upande wa pua, hakuna hata moja iliyokaa mbele ya mboni. Kati ya nukta na nukta palikuwa na milimita 58. Macho yangu yameachana milimita 64.

"Umeivaa muda gani?"

"Mwezi wa pili sasa, daktari."

"Na kichwa?"

Nikabaki nacheka tu. Panadol nilikuwa nimeshaanza kuzinunua kwa boksi, na ngazi za ofisini nilikuwa nashuka nimeshika ukuta kama bibi harusi aliyevalishwa viatu vya kuazima. Namba ya lenzi haikuwa na kosa: -4.25, yaani ya kutoona mbali, macho yote mawili. Kosa lilikuwa lenzi kukatwa bila mtu kupima mboni zangu zilipo. Na mimi nilichangia, maana kwenye duka lile nilitumia nusu saa kuchagua fremu na dakika tano kupimwa.

Sasa naanza na kipimo, lenzi zinafuata, fremu inakuja mwisho. Mwongozo huu nimeupanga hivyo hivyo. Bei za maduka sitaziandika, zinabadilika kila mzigo mpya unaposhuka bandarini.

Pa kupimia, kuanzia pazuri zaidi

Kabla hujatoka nyumbani fanya jaribio dogo. Toboa karatasi ngumu kwa pini, funika jicho moja, na kwa jicho lingine chungulia maandishi ya mbali kupitia katundu hako. Yakisafika, kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo lako ni la namba na miwani itakusaidia. Yasiposafika, usianzie dukani.

Nafasi ya kwanza naipa kliniki ya macho ya hospitali. Kwa Dar es Salaam nazungumzia Muhimbili au CCBRT kule Msasani. Moshi kuna KCMC, Mwanza kuna Bugando, Unguja kuna Mnazi Mmoja. Ndugu zetu wa Nairobi wana hospitali ya Kikuyu na ile ya Lions kule Loresho. Foleni ipo, sitakudanganya. Nenda asubuhi, beba chai yako. Lakini hapo unaangaliwa jicho lote: presha ya macho, mtoto wa jicho, na mishipa ya nyuma ambayo kisukari huanza kuila kimyakimya. Ukishafika miaka 40, au kwenu kuna mtu aliyepofuka kwa presha ya macho, usiruke hatua hii, kwa sababu ugonjwa huo hauumi na uoni uliokwisha kuchukuliwa haurudi. Mtoto naye apelekwe hospitali. Jicho la mtoto hujibana lenyewe wakati wa kupimwa na kudanganya kipimo, kwa hiyo huwekewa matone ya kulilegeza kwanza. Usishtuke akirudi nyumbani na mboni kubwa kama za paka wa usiku.

Mwenye kisukari ana jambo moja la ziada. Sukari ikiwa inapanda na kushuka, namba ya macho nayo inapanda na kushuka. Subiri itulie ndipo ukapime, la sivyo utalipia miwani ya wiki moja.

Nafasi ya pili ni duka la miwani lenye mtaalamu wa optometria, yaani wa kupima macho na miwani, aliyesajiliwa. Kwa sisi tunaovaa siku zote na macho yetu yalishachunguzwa hospitali, hapa panatosha, na mara nyingi namba inatafutwa kwa subira kuliko hospitalini. Tanzania wataalamu hawa wanasimamiwa na Baraza la Optometria, kwa hiyo kuuliza leseni si utovu wa adabu. Kuna njia nyepesi ya kulipima duka lenyewe. Utakalishwa mbele ya mashine, utaona picha ya puto mwisho wa barabara ndefu, picha itafifia na kurudi, kisha kikaratasi kitatoka kama risiti ya EFD. Hapo kipimo ndiyo kwanza kimeanza. Mtaalamu wa kweli atakuvalisha fremu nzito ya majaribio, ataingiza lenzi moja moja na kukuuliza mpaka uchoke, "Ya kwanza au ya pili? Sasa hivi je?" Ukiona mtu anachukua kile kikaratasi na kwenda nacho moja kwa moja kukata lenzi, shika mkoba wako.

Wanakupima bure? Sawa, lakini gharama ya kipimo iko ndani ya bei ya fremu, na ndiyo maana baadhi ya maduka yanasita kukupa karatasi ya vipimo uondoke nayo. Iombe kabla hujakaa kwenye kiti. Iwe na SPH (nguvu ya lenzi), CYL na AXIS (kiasi na mwelekeo wa upindaji wa jicho) kwa kila jicho, ADD (nguvu ya kuongezea ya kusomea) kama umri umefika, na PD, yaani umbali kati ya mboni na mboni. PD ndiyo inayosahaulika, na ndiyo iliyonitafuna mimi.

Ya tatu ni kambi za macho zinazofanyika misikitini, makanisani na viwanjani. Nenda, hasa mpeleke mzee wako. Kambi ni nzuri sana kwa kugundua mtoto wa jicho na kupewa rufaa. Miwani wanazogawa mara nyingi ni za kusomea tu, na pale watu mia tatu wakiwa kwenye foleni, usitegemee atakayekaa na namba yako ngumu.

Ya nne, na najua madaktari watanikunjia uso, ni machinga wa miwani pale Kariakoo. Kwa kazi moja tu: mtu wa miaka arobaini na kitu anayeona mbali vizuri, macho yote mawili sawasawa, ila meseji za simu anazisoma kwa kunyoosha mkono. Huyo miwani ya kusomea ya +1.50 au +2.00, ya bei ndogo ukijua kupatana, itamfaa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilitaja watu milioni 826 wenye shida ya kuona karibu ambayo miwani kama hiyo ingeiondoa. Fundi cherehani anayeshindwa kutunga uzi simwambii asubiri miadi ya mwezi ujao. Namwambia anunue leo na aende kupima presha ya macho mwezi ujao. Akijaribu, asijaribu pale mezani kwa kusoma bango la barabarani. Atoe simu, aishike pale anapoishika siku zote, achague namba ndogo kabisa inayomwezesha kusoma.

Mwisho kabisa ni kuagiza mtandaoni kwa namba ya miaka mitatu iliyopita na PD uliyojipimia kwa rula ya mtoto. Namba ndogo huenda ukaponea. Ukiwa na namba kubwa, kila milimita inayokosewa utailipia kichwani.

Lenzi

Kwa watu wengi iliyo bora ni ya kawaida: plastiki, namba moja, yenye utando wa kuzuia michubuko na ule wa kuzuia mng'ao. Utando wa mng'ao unaonekana wa anasa mpaka uendeshe Barabara ya Mandela usiku, taa za malori zinakujia usoni. Hapo utaelewa.

Inayofuata kwangu ni polikabonati, kwa watoto, mafundi na waendesha bodaboda. Ni nyepesi, ngumu kuvunjika, na inazuia karibu miale yote ya urujuanimno ya jua hata ikiwa nyeupe. Inachubuka haraka, kwa hiyo utando ni lazima. Lenzi nyembamba za faharasa (kipimo cha lenzi inavyopinda mwanga) 1.67 na kuendelea nazipa nafasi ya tatu: zina maana ukivuka kama -4 au -5. Mwenye -1.50 akiuziwa, ameuziwa jina.

Zinazobadilika rangi juani zinapendwa, nami ninazo, lakini zina mambo mawili ambayo muuzaji hayasemi. Ndani ya gari hazifanyi giza la maana, kwa kuwa kioo cha mbele kinazuia miale inayoziamsha. Na kwenye joto kali zinafifia, kwa hiyo Dar ya Februari hutapata giza lile uliloonyeshwa kwenye kipeperushi.

Ya mwisho ni lenzi ya kuzuia mwanga wa bluu wa skrini. Mwaka 2023 wapitiaji wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, walikusanya majaribio 17 na hawakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa watu wa kompyuta. Pesa hiyo ongeza kwenye utando wa mng'ao. Kila dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho mita sita, walau mwembe wa jirani, na ukumbuke kupepesa.

Wenye umri wa ADD wana uamuzi wao: miwani mbili, baifoko yenye kidirisha cha kusomea chini, au progresivu isiyo na mstari, ambayo namba yake hubadilika taratibu kutoka juu kwenda chini. Mimi ningeanza na miwani mbili. Progresivu ni tamu ikikatwa na mtu anayepima kila jicho peke yake na urefu wa mboni ndani ya fremu. Isipopimwa hivyo utakuwa unatikisa shingo kama kuku anayekunywa maji. Hata iliyopimwa vizuri inahitaji wiki moja mbili kuizoea.

Fremu

Geuza mkono wa fremu utaona maandishi kama 52□18 140. Hizo ni milimita: upana wa lenzi, daraja la pua, urefu wa mkono. Kama unayo miwani inayokukaa vizuri, soma namba zake uende nazo dukani, utaokoa saa nzima. Fremu nyingi za plastiki zinazoletwa hapa zimechongwa kwa pua nyembamba zilizosimama. Kwa pua zetu nyingi zinateleza, na kwa jasho la saa nane mchana zinateleza mpaka mdomoni. Chagua zenye vipedi vya pua vinavyokunjika, au daraja pana la 19, 20. Chuma cha bei rahisi kikikutana na jasho la chumvi hubanduka rangi na kuacha ukijani kwenye ngozi. Mwenye namba kubwa ya kutoona mbali achukue fremu ndogo ya mviringo, ukingo wa lenzi utakuwa mwembamba. Jina lililochorwa ubavuni, kwa Kariakoo hii, halina uzito wowote.

Na kontakti?

Zile lenzi za kuvaa ndani ya jicho naziweka chini kwa mtu wa kawaida wa mijini kwetu. Vumbi, maji ya bomba ya kusuasua, bodaboda bila kioo cha helmeti: vyote ni adui zake. Zinawafaa wachezaji, wenye namba kubwa sana, na wale ambao kioo cha jicho (utando angavu wa mbele) kimechongoka, ambao huhitaji lenzi ngumu za kupimiwa hospitalini. Ukizitaka, za kuvaa siku moja na kutupa ndizo salama zaidi, za mwezi zinafuata. Usilale nazo, usiogelee nazo, usizioshe kwa maji hata ya chupa, dawa yake tu. Namba yake pia si lazima iwe ya miwani. Ukivuka ±4 hubadilika, na kuna mkunjo wa lenzi unaopaswa kulingana na jicho lako. Za rangi zinazouzwa kwenye maduka ya vipodozi, bila kupimwa, kwa ajili ya send-off ya Jumamosi, sizipi nafasi yoyote. Kidonda kwenye kioo cha jicho huacha kovu.

Siku ya kuchukua

Usilipe salio kabla hujavaa. Soma maandishi madogo, kisha tembea mpaka mlangoni ukitazama mistari ya vigae sakafuni: ikipinda au sakafu ikionekana kuinama, sema hapo hapo. Inamisha kichwa, kitikise. Ikiteleza, wakukunjie mikono papo hapo, hiyo ni kazi ya dakika moja. Omba wahakikishe PD kwenye mashine mbele yako, na waandike namba hiyo nyuma ya risiti. Mimi huipiga picha na simu kabla sijatoka mlangoni, kwa sababu risiti za Dar hufutika kwa joto, na kwa kufuta lenzi natumia maji na sabuni kidogo ya mche. Kanga nimeiachia kazi zake.