Dakika 5 za vitunguu: uzoefu wangu na programu ya mapishi ya dunia

Naanza na nyota moja. Nikipoa huko chini nitaona kama naongeza.

Jina la programu naliacha, waliolipia wataijua kwa ahadi yake: chakula cha jioni cha familia nzima, kila siku nchi nyingine, nusu saa kiko mezani. Nyumbani mimi ndiye mpishi, kwa sababu mwenzangu huingia kazini zamu ya usiku. Watoto watatu, na wote njaa huwashika saa ileile. Nililipia mwaka mzima papo hapo.

Jioni moja, wiki kadhaa zilizopita, ikaniletea supu ya vitunguu ya Kifaransa. Vitunguu, siagi, mchuzi wa mifupa ya ng'ombe, mkate, jibini ya Gruyère juu. Vitu vichache, nikasema leo tumepata. Hatua ya tatu: "Kaanga vitunguu kwa dakika 5 hadi viwe na rangi ya kahawia iliyokolea na vitamu kama asali."

Dakika tano! Aliyewahi kushika mwiko anisaidie kucheka. Kitunguu karibu chote ni maji, na maji hayo yasipokauka kwanza, rangi ya kahawia utaisikia tu. Kilo nzima kwenye sufuria, moto mdogo, ni dakika 40 hadi saa nzima, na zile za mwisho mkono hautoki kwenye mwiko maana ndipo vinaposhika chini. Ukikoleza moto ili uwahi, kingo zinaungua na katikati bado vibichi, na ule uchungu hauondoki hata utie siagi yote ya nyumba.

Hayo nayajua leo. Siku ile nilifuata nilichoambiwa. Programu ina kengele kwa kila hatua. Dakika ya tano ikalia, kioo cha simu kikajaa maua: "Hongera, mpishi! Twende hatua inayofuata." Natazama sufuria, vitunguu vyeupe pee vinaogelea. Nikakoleza moto. Kengele ikalia tena, kwa sababu sijabonyeza. Mdogo wetu: "Baba, bado?" Bado, mwanangu. Nikageuka kukata mkate, kurudi ni moshi. Nikamwaga vyote, nikaanza kumenya upya, na kengele inalia, na maua yanamwagika. Tulikula saa nne kasoro usiku. Tulikula wakubwa tu, maana mdogo alishalala, shavu juu ya meza na kijiko mkononi.

Hata hapo ningesamehe. Nikasema labda ni kosa la uchapaji, sifuri imedondoka, 50 ikawa 5. Nikawaandikia huduma kwa wateja kwa adabu zote, picha ya sufuria nikaambatisha. Jibu likaja siku ya pili yake: "Ndugu mteja, pishi hili limepikwa na wengi na hatujapokea malalamiko. Tafadhali mwambie mama afuate hatua moja baada ya nyingine."

Mama! Mama yupi? Niliandika "nimepika", nikaandika "mimi", nikaandika "sufuria yangu". Kwanza wananidanganya dakika, halafu wananitafutia mpishi mwingine ndani ya nyumba yangu. Niliwajibu maneno ambayo siyarudii hapa. Kimya mpaka leo, na zile dakika 5 zipo palepale, nimechungulia asubuhi hii.

Sasa haki yao niwape, nisipowapa wanangu watanisuta. Shakshuka yao ni tamu mno. Nyanya, pilipili hoho, kitunguu saumu, jira na paprika, unaacha rojo lizito, unachimba vishimo kwa mgongo wa kijiko, unapasulia mayai humo na kufunika. Wanasema epua ute ukishaganda na kiini bado kinacheza, na ndivyo hasa. Kari ya kijani ya Thailand nayo wameipatia: unaanza na tui zito peke yake, unalichemsha mpaka mafuta yajitenge, ndipo unakaangia humo vile viungo vilivyosagwa. Mimi miaka nenda rudi nilikuwa namimina vyote kwa pamoja, kisha nashangaa kari ina ladha ya maziwa ya moto. Na dali ya Kihindi! Jira na kitunguu saumu kwenye samli iliyopata moto sawasawa, vinamwagwa juu mwishoni vikichachatika. Mtoto wangu wa kati, ambaye dengu alikuwa hata hazitazami, aliomba nyongeza. Na zile dengu nyekundu wameziandikia dakika 20, na kweli zinaiva kwa 20, hapo sina neno.

Kwa hiyo nyota tatu. Haya, nne, kama nawe una watoto wanaochagua chakula.

Ingawa kumenya na kukatakata hawakuhesabu popote, kana kwamba vitunguu huzaliwa vimeshakatwa. Ile nusu saa yao inaanza kila kitu kikiwa tayari kwenye vibakuli, kama wapishi wa kwenye runinga. Nani kakuwekea vibakuli? Lakini sawa, nne.

Nilitaka kuishia hapo. Nikiwa naandika sentensi iliyopita simu ikatetemeka, programu yenyewe: "Leo jioni: risotto ya uyoga, dakika 15 tu! Mama, uko tayari?"

Risotto ni wali wa Kiitaliano, na mchele wake, arborio, peke yake unataka dakika kama 18, unautilia mchuzi wa moto upawa mmoja mmoja huku unakoroga, na uyoga hapo hujaugusa.

Moja. Uyoga ninao na nitaupika, lakini kengele yao nimeizima.